Mtu Aliyetafutwa na Televisheni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kati ya kibanda cha Fundi Viatu na jiko la Mama Birika, muuza kahawa. Asubuhi hiyo halikukalika. Mama Birika alikuwa amepigiwa simu na kampuni inayotengeneza vipindi vya vichekesho na maongezi vya televisheni. Walikuwa wameiona video fupi ya kijiweni aliyomrekodia dada yake wiki mbili nyuma, ambayo sasa ilikuwa imezagaa kwenye simu za watu. Saa nane mchana mtu wao angekuja, maana mmoja wa watu wa benchi anatakiwa studio. Nani, hawakusema.

Redio, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki, aliona hilo halina haja ya kuulizwa.

— Sauti yangu ndiyo inayofungua video. Wanatafuta mtangazaji, basi.

— Wewe ulipiga kelele, mimi ndiye niliyetoa hoja, alijibu Wakili, kinyozi ambaye mahakamani hajawahi kufika hata kwa ushahidi. — Wanataka mtu wa kuwabana wakubwa kwa maswali.

Kufikia kikombe cha pili, Redio alikuwa na kipindi chake cha kila jioni. Kufikia cha tatu, Wakili alishawahoji mawaziri wawili na mmoja kamtoa machozi. Mama Birika, ambaye mwanzoni alikuwa akiwacheka, naye akazama: benchi zima litang'olewa na matofali yake lipelekwe studio, na yeye itabidi apakwe poda kabla ya kumimina. Hapo wakaanza kugombania nani akae upande wa kamera.

Fundi Viatu alikuwa anashona soli. Kwenye video ile hakuonekana, isipokuwa ncha ya gongo lake la kutembelea. Hata hivyo moyo ulimdunda kwa ajili ya wenzake, na mara mbili alijichoma sindano.

Saa nane kamili akatokea dada mmoja mwenye haraka zake. Alisalimia, akakaa, akapewa kahawa. Redio akasafisha koo.

— Samahani, wazee wangu, alisema yule dada. — Nani kati yenu ndiye anayecheka?

Hakuna aliyeelewa. Akawachezea video. Kweli, nyuma ya ubishi wa Redio na Wakili kulikuwa na kicheko: kilianza kama mtu aliyepaliwa, kikapanda, kikakatika, kikarudi na nguvu mpya. Dada akaeleza kwamba walipokisikia ofisini, kazi ilisimama. Wanamtaka mwenye kicheko hicho akae na watazamaji studio, maana mtu mmoja akicheka kwa moyo, ukumbi mzima humfuata.

Fundi alihisi masikio yakimwaka. Akaweka kiatu chini.

— Ni mimi, mwanangu.

Redio alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Halafu akasogea kwa furaha, akampisha katikati ya benchi. Wakili alimshika mkono, hakuuachia. Mama Birika alikwisha kuanza kumpangia shati la kuvaa.

— Na siku ile ulichekeshwa na nini, baba? aliuliza dada.

— Nilivunjika mguu nikalala nyumbani miezi mitatu. Siku ile ndiyo nilikuwa narudi. Njia nzima nawaza, sijui kama bado nina nafasi yangu pale. Nafika, nawakuta hawa wawili wanabishana iwapo samaki husikia kiu. Ubishi uleule niliowaacha nao siku ninaanguka. Nikashindwa kujizuia.

Dada alicheka mwenyewe, akaandika kwenye daftari, akainua uso.

— Na kwani samaki husikia kiu?

Redio aliweka kikombe chini. Wakili akakunja mikono ya shati. Kisha wao wawili na Fundi wakajibu kwa pamoja, kila mmoja na lake, na dada wa watu akawa anahangaika kutoa kamera kabla hawajafika mbali.