Niliomba Hamu ya Kuandika Initoke

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mimi ni Mama Neema wa hapa mtaa wa Lumumba, mshonaji wa nguo, na leo nimesimama na moyo mwepesi.

Miaka mingi nilikuwa ninaandika kitabu. Nilitaka watu wasome maisha yetu ya kwetu Nizi, namna tulivyoishi kabla ya kukimbia vita. Lakini kila nikianza ukurasa, ninauchana. Ninajiambia: huyu si mwandishi, ni mshonaji anayejidanganya. Majirani nao walinitania: "Mama Mwandishi, kitabu iko wapi?" Nilicheka nao, kisha nikalia nyumbani. Mwishowe nilichoka kabisa. Nikapiga magoti, nikaomba: Bwana, hamu hii initoke, nipumzike!

Ndugu zangu, hakunijibu hivyo.

Jirani yetu Mama Régine alifariki. Mume wake, Papa Dieudonné, akaniomba niandike historia ya marehemu, ile tunayosoma matangani kabla ya mazishi. Nikaandika haraka: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alifariki. Mzee alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Mutoto yangu, huyu haiko bibi yangu. Huyu ni mutu yeyote."

Aibu gani ile! Nikaenda kuketi na wamama waliokuwa wanapika. Nikauliza, nikasikiliza. Wakasimulia namna alivyogombeza mbuzi za majirani akiziita kwa majina ya wenye mbuzi. Wakasimulia namna alivyoimba vibaya, tena kwa sauti kubwa kuliko kwaya yote! Nikaandika hayo bila kuchana kitu, maana watu walikuwa wanangoja.

Nikasoma. Watu walicheka matangani, ndugu zangu! Wakacheka, wakalia. Papa Dieudonné akainua mkono: "Ni yeye! Ni yeye kabisa! Soma tena ile ya mbuzi."

Hapo mzigo ulinitoka. Mimi niliomba hamu iondoke, kumbe Bwana aliondoa woga, hamu akaniachia. Haleluya!

Kitabu hakijaisha. Siku nyingine maneno yanakataa kabisa. Basi ninaenda kwa watu wetu wa Nizi, ninawauliza, ninarudi kuandika. Ndugu yangu uliyeweka kalamu chini kwa aibu, mwamini huyu Mungu! Usimchagulie kitu cha kukuondolea. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nimeandika ukurasa mzima, na sikuuchana. Asante, Yesu!