Mjalidi na Mashine Namba Arobaini na Saba

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mzee wetu, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, fundi saa, ambaye familia imemkabidhi kurasa hizi nne azisome, kurasa zilizoandikwa upya mara tatu ndani ya siku nne, kwa sababu kila zilipokaribia kwisha lilizuka jambo jipya, na hata asubuhi ya leo watoto wa marehemu walikuwa bado wanabishana juu ya ukurasa wa tatu, kwa hiyo mkisikia msomaji anasita, si macho, ni mambo yenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika chumba cha nyuma cha posta ndogo alikofanya kazi baba yake, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, ingawa kadi yake ya kliniki inasema tarehe 6 Septemba, jambo ambalo mama mzazi alilikataa hadi mwisho wa maisha yake kwa hoja kwamba siku hiyo yeye alikuwapo na karani hakuwapo.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kuimaliza Desemba 1967, akaingia chuo cha ufundi tarehe 15 Januari 1968, akiwa amepangiwa useremala, lakini siku ya kwanza alikaa chumba kisichokuwa chake, akafundishwa kushona kurasa na kupiga gundi, na mwalimu alipogundua kosa hilo wiki ya tatu alikuwa amekwisha kumpenda, ndivyo alivyohitimu tarehe 27 Novemba 1970 kama fundi wa kujalidi vitabu, yaani mjalidi, kazi ambayo hakuna aliyeiomba na hakuna aliyeweza kumtoa.

Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji, idara ya kujalidi, chumba cha chini pembeni ya ngazi, ambako kwa miaka ishirini na tisa alijalidi daftari za shule, kumbukumbu za mikutano, na zaidi ya yote majalada mazito ya hukumu za mahakama, na wenzake wakambandika jina la Pembe Sawa, kwa kuwa kitabu chenye kona iliyopinda hakikutoka mikononi mwake, na alikuwa akitania kwamba hukumu zote za nchi zimepita mapajani mwake wala hakuna hata moja aliyoisoma, kwa kuwa gundi ilikuwa haijakauka.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mpokea simu wa kampuni hiyohiyo, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1978, mwana aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1981, na kitinda mimba aliyezaliwa tarehe 8 Januari 1986, na katika nyumba hiyo marehemu alikuwa baba mpole, mkaidi wa kimyakimya, mtu ambaye ukimuuliza swali gumu atakuomba umpishe apite.

Hapa ndipo panapoanza jambo lililotuchanganya sote, nanyi mtuvumilie, kwa maana tunalieleza kama tulivyolielewa. Mwezi Agosti 1989 marehemu alinunua, kwa fedha alizorithi kwa baba, mashine kuukuu ya kukatia karatasi, ya chuma, yenye gurudumu la mkono, akitaraji siku moja kufungua karakana yake, lakini hakuwa na mahali pa kuiweka, mkurugenzi wa kampuni akamwambia ailete kazini kwa muda, na muda huo ukawa miaka kumi na moja, mashine ikikata karatasi za kampuni kila siku, pasipo hata karatasi moja iliyoandikwa kusema ni ya nani.

Tarehe 30 Juni 2000 mahakama iliamuru kampuni ifilisiwe, milango ikapigwa lakiri, akaja mfilisi aliyeteuliwa na mahakama, akabandika namba kwenye kila kitu, viti, mapipa ya wino, hata saa ya ukutani, na mashine ya marehemu ikapewa namba arobaini na saba. Wafanyakazi wakapewa fomu za wadai, kila mtu aandike anachoidai kampuni, marehemu akaandika mishahara yake ya miezi mitano, akaona chini imebaki mistari mitatu mitupu, na kwa kuwa maisha yake yote hakuweza kuvumilia ukurasa ulioachwa wazi, akaijaza kwa kuandika mashine ya kukatia karatasi na bei yake, akapiga sahihi, akarudi nyumbani ameridhika.

Hukumu ya kwanza juu ya madai hayo ilisomwa tarehe 22 Agosti 2002, nayo ilisema kwamba aliyedai bei ya kitu amekubali kitu si chake tena, kwa hiyo mashine ni mali ya kampuni, na kwa kuwa kampuni ilikuwa imeiwekea benki dhamana mashine zake zote, benki ndiyo itakayotangulia. Familia ililia kwenye korido ya mahakama mpaka mlinzi akaleta benchi, bila kujua kwamba ukurasa uliofuata wa hukumu hiyohiyo ulisema wafanyakazi walipwe mishahara ya miezi minne kabla ya benki, na kwamba siku ile, kwa upande mmoja, tulikuwa tumeshinda.

Marehemu alikata rufaa, na hukumu ya pili, ya tarehe 17 Novemba 2005, ikasema fomu haihamishi mali, kwamba kosa la kujaza mistari mitatu haliwezi kumnyang'anya mtu kitu chake ili wadai wengine wagawane, na kwamba mashine haikuwahi kuwa ya kampuni hata siku moja. Safari hii familia haikutaka kupitwa, tulisherehekea siku mbili, majirani mnakumbuka, kisha wakili akaja kutueleza polepole, sahani ikiwa bado mkononi, kwamba mashine ilikuwa imepigwa mnada tangu tarehe 5 Aprili 2003, rufaa ikiwa bado inasubiri, na fedha zake zimekwenda benki.

Hukumu ya tatu, ya tarehe 28 Februari 2008, ilimpa njia mbili, amdai mfilisi bei, au aifuate mashine popote ilipo, ila achague moja tu, na watoto wote watatu walimsihi achukue bei, mwanawe akamwambia, "Baba, chuma kile hata kukiinua hatuwezi," naye akajibu kwamba bei hajawahi kuitaka, aliiandika tu kwa sababu nafasi ilikuwapo. Alichotaka ni mashine yake irudi, afungue karakana kabla mikono haijachoka, na mwezi Septemba mwaka huo akamfungulia shauri aliyeinunua mnadani.

Kuanzia Machi 2009, kila Jumamosi kwa miaka kumi, marehemu alivaa shati safi, akachukua mkoba wake, akaaga kwamba anakwenda kwenye kesi, na jioni tulipomuuliza kama ameshinda alisema, "Tunaendelea," akiwaletea wajukuu madaftari mapya yaliyokatwa vizuri, na familia nzima, wakiwamo mwalimu mmoja na karani mmoja wa bima, iliamini kwamba mahakama inagawa madaftari, wala hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Jumamosi mahakama haifunguliwi.

Mnamo tarehe 11 Mei mwaka huu wa 2019 marehemu alishikwa na kizunguzungu akiwa anavaa viatu, akalazwa hospitali ya mkoa kwa ugonjwa wa moyo, akaruhusiwa tarehe 20, akarudishwa tarehe 2 Juni hali ikiwa mbaya, na siku ya Jumatano, tarehe 12 Juni 2019, saa kumi alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono, alifariki dunia.

Ijumaa, yaani juzi, alifika nyumbani mama mmoja asiyefahamika, akakaa sebuleni akilia kuliko wafiwa, shemeji yetu akamuuliza kwa sauti ambayo tuliokuwepo tuliiogopa, "Wewe ni nani yake?" naye akajibu, "Mimi ndiye niliyeshtakiwa naye." Ndipo tulipojua kwamba huyu mama, mwenye kiwanda kidogo cha madaftari nyuma ya soko la mbao, ndiye aliyenunua mashine, na kwamba Jumamosi ya tarehe 14 Machi 2009 marehemu alikwenda kwake kuhakiki mashine kabla ya shauri kusikilizwa, akakuta kisu ni butu na meza imelegea, akavua koti akavitengeneza kwanza, kisha akauliza itakuwaje akishinda, mama akamwambia, "Mzee, hii ndiyo dhamana ya mkopo wangu, ikiondoka leo benki inafunga mlango kesho, na hawa vijana wangu sita watajaza fomu za wadai."

Marehemu akavaa koti lake akarudi nyumbani. Jumatatu iliyofuata, tarehe 16 Machi 2009, alikwenda mahakamani peke yake akaliondoa shauri, wakili amethibitisha na muhuri tumeuona, bei ilikwisha kumtoka alipochagua kuifuata mashine, mashine ameiacha kwa hiari, na Jumamosi zote zilizofuata alikuwa pale, akinoa kisu, akiwafundisha wale sita kukata kona bila kupinda, akilipwa madaftari.

Kwa nini hakutuambia, familia haijui, na shemeji yetu bado amekasirika, tena ana haki, na mdogo wake anayewasomea hajui amwite kaka yake mshindi au mshindwa, anachojua ni kwamba alikuwa na kaka aliyekaa miaka miwili akisubiri zamu yake kwenye foleni ya wadai, akakataa kuwapanga wengine kwenye foleni hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliotuletea maji na mikeka, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kampuni ambao hadi leo wanadai mwezi mmoja mmoja, wakili wetu ambaye mara nyingine alisahau kutuma ankara, na mama huyu na vijana wake sita walioketi pale nyuma, ambao tunawaomba wasogee mbele, waketi na watoto wa marehemu.

Pumzika kwa amani, kaka, na utusamehe kwa jinsi tulivyokuwa tukikuuliza kila Jumamosi kama umeshinda.