Mgonjwa Aliyepungukiwa na Ugonjwa

Basi lilikuwa limeshaiacha hospitali nyuma mshonaji alipomgeukia fundi bomba aliyeketi naye, kiti cha mbele yangu. "Mzee wangu, utafiti wa dawa ya Crohn, ule ugonjwa wa vidonda vya utumbo, umenikataa. Protini ya uvimbe kwenye damu yangu ni nane, wao wanataka kuanzia kumi."

"Na utumbo?"

"Unanimaliza! Ila wiki nzima nilimeza vidonge vya kupunguza uvimbe, nisije nikaaibika mbele ya madaktari."

"Kama wateja wangu! Wananiita, kisha wanaziba tundu kwa tambara kabla sijafika. Acha vidonge, mwanangu, uugue mpaka kumi."

"Na ikipitiliza kumi, nikazidiwa?"

Fundi akavuta mfuko wake wa spana, kituo chake kilikuwa karibu. Mimi niliyewasikiliza nimezunguka sana, ila sijaona foleni inayomrudisha mgonjwa akaongeze bidii ya kuugua.

Basi liliposimama sokoni, fundi alikwenda kazini. Mshonaji alishuka na pakiti ya vidonge mkononi, hajameza wala hajatupa. Mimi niliendelea na safari.