Hadithi za Lemuel Oglesby Zilivyojifunza Kwenda Zenyewe

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Pinder, nanyi wageni mliotoka New York mkaja na suti nzito katika joto hili la Georgia, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imemchagua mdogo wa marehemu, Vernice, huyu aliyesimama mbele yenu, mwenye saluni pale mkabala na nyumba yetu, awasomee maisha ya kaka yake, nayo imemwonya asitie chumvi, na onyo hilo amelisikia.

Lemuel Josiah Oglesby alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 hapa Pinder, mtoto wa kwanza wa Mzee Josiah, fundi wa piano, na Mama Lovie, aliyekuwa akiuza karanga za kuchemsha kwenye kituo cha treni. Mwaka 1942 alianza shule ya kanisa hili, darasa moja na Bi Maudelle Stripling, mpiga kinanda wetu, ambaye tangu siku hizo hakuacha kumsahihisha mbele za watu, akamaliza sekondari mjini Macon mwaka 1954, kisha akasomea uigizaji mjini Washington hadi mwaka 1958.

Mwaka 1959 alikwenda New York, akaanza kwa kufagia jukwaa ambalo baadaye lilibeba tamthilia yake ya kwanza, mwaka 1967, na zilizofuata mnazijua, maana wengine wenu mlizicheza, mkalia nazo, mkalipwa. Tuzo zake alizitundika chooni, kwa kuwa Mama Lovie alisema sebuleni kwake hapawekwi majivuno. Tarehe 14 Juni 1963 alifunga ndoa na Corinne Baptiste, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, wakajaliwa watoto wawili, Thaddeus na Ione, ambao wako hapa mbele yenu.

Corinne alipofariki, mwaka 1994, Lemuel alirudi nyumbani, akaacha tamthilia na kushika hadithi fupi, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1997, na wakosoaji wakasema ni makombo ya tamthilia zake. Iliuma, ingawa alijifanya kucheka. Tamthilia ina waigizaji wa kuibeba na taa za kuipamba, na yeye alitaka kujua kabla hajafa kama anaweza kuandika kitu kitakachosimama bila mtu wa kukishika mkono, na hakuna aliyethubutu kumjibu, kwa sababu alikuwa mtu mkubwa.

Ndipo akaleta hadithi zake saluni, Ijumaa kwa Ijumaa, akiketi karibu na dirisha na kuwasomea akina mama waliokaa chini ya draya, mashine zinavuma, hakuna anayesikia vizuri, na hilo ndilo alilolitaka. Mmoja wao alipoinua kofia ya draya ili asikie, Lemuel aliweka alama kwenye aya ile, na pasipoinuliwa kofia alipafuta. Alisoma kwa sauti zote, ya bibi, ya sherifu, ya mbwa, akina mama wakainua kofia wakacheka mpaka rola zikawadondoka, isipokuwa Bi Maudelle, aliyekaa wima chini ya draya yake kama yuko mahakamani.

“Maudelle, mwenzetu, hata tabasamu?” Lemuel alimuuliza siku moja.

“Kinachochekesha ni wewe, Lemuel,” akamjibu. “Hiyo hadithi ikifika Alabama bila wewe, nani atabweka kama mbwa?”

Vernice alitamani kumuunguza sikio kwa chanuo la moto, Mungu amsamehe. Lemuel alikwenda nyumbani bila kuaga, na kwa muda mrefu hakuleta kitu.

Tarehe 11 Oktoba 2006 kiharusi kilimpiga, kikachukua mkono wa kulia na sauti, ile sauti iliyojaza kumbi, na sisi tulidhani hadithi zimeishia hapo. Kumbe alikuwa akichapa kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, na majira ya kuchipua yaliyofuata alimsukumia Vernice karatasi chache, akamwonyesha saluni ng’ambo ya barabara. Vernice husoma kila kitu kama anasoma maelezo ya chupa ya dawa, hilo mnalisikia sasa hivi, na Ijumaa ile alisoma hivyo hivyo, draya zikivuma.

Hadithi ilimhusu fundi aliyerekebisha piano za makanisa ya Wazungu, ambayo yeye, mtu mweusi, hakuruhusiwa kuketi ndani yake, aliyeacha kila mara noti moja imelegea kidogo, kusudi wamwite tena, apate tena saa moja ya kupiga peke yake katika kanisa tupu. Vernice alipofika kwenye noti ile, kofia ya draya ya Bi Maudelle ilipanda.

“Rudia hapo,” akasema. Vernice akarudia.

Bi Maudelle, mtu asiyechungulia dirishani bila kofia na glavu, alivuka barabara na rola kichwani, nywele zikimchuruzikia maji mabegani, magari yakimpigia honi, akaingia kwetu bila kubisha.

“Imeenda yenyewe, Lemuel,” alimwambia. “Tena imesomwa na Vernice! Ikipona kwa Vernice itapona popote.”

Lemuel alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, naye Bi Maudelle akalia, akasema ni maji ya nywele. Baada ya hapo Lemuel aliandika hadithi nyingine sita, na kitabu chake alikishika mkononi mwake kabla ya moyo wake kusimama, tarehe 22 Agosti 2008, mchana, dirisha likiwa wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuku, mikate ya mahindi na sufuria ambazo hatujui za nani, na wenzake wa jukwaani, ambao leo tunawaomba radhi, kwa kuwa marehemu aliagiza hadithi ya fundi isomwe hapa bila mwigizaji, asome Vernice. Bi Maudelle ameombwa kupiga kinanda baadaye, naye amekwisha kuvua kofia yake na kuiweka magotini, apate kusikia.

Kaka Lemuel, huna tena haja ya kuzishika mkono hadithi zako. Lala, upumzike kwa amani, tunaanza kusoma.