Bi Nyufa na Mlima Uliokuwa Ukisogea

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Nyufa kwa vile alivyokagua nyufa za kila ukuta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji. Tuliishi mtaa wa mwisho chini ya mlima. Alipokuwa na miaka saba, mvua iliporomosha udongo ukafunika nyumba ya jirani, na ndani yake rafiki yake wa kucheza naye. Tangu hapo, wingu likitanda tu, alisimama akiwa ameegemeza viganja ukutani. Mama alipomwambia akalale, yeye alimwuliza, "Na ukuta nao umelala?"

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1984 akahitimu shahada ya jiolojia. Wenzake walidhani anapenda mawe. Nyumbani alituambia anayaogopa kupita kiasi, ndiyo maana ameona afadhali ayajue.

Alianza kufundisha chuo kikuu cha mjini kwetu mwaka 1987. Alifunga mlimani vipimo vya kuonyesha udongo unavyosogea, na mji ukaweka king'ora. Aprili 1996 king'ora kililia kwa wakati unaofaa. Watu walichungulia nje, wakarudi jikoni. Mlima ukaporomoka, tukazika watu kumi na mmoja.

Marehemu alijifungia ofisini. Aliyemgongea mlango ni mtaalamu wa lugha wa chumba cha pili, aliyemsikia akilia. Baada ya kumsikiliza alimwuliza, "Huko mtaani, mtu akitaka mwenzake akimbie, husemaje?" Dada akasema waende wakawaulize.

Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakamchukua na mwalimu wa muziki. Wakagundua kwamba wakazi walidhani king'ora ni gari la wagonjwa, na kwamba maneno "uwezekano wa maporomoko" waliyaelewa kama "huenda yasitokee". Zaidi ya yote, hakuna mwanaume aliyetaka kuonekana anakimbia kwanza. Basi mwalimu akatunga mlio usiofanana na mwingine wowote, mtaalamu wa lugha akaandika tangazo: "Toka nje sasa, mgongee jirani." Kutoka kukawa ni kwenda kumwokoa mwenzako. Idarani walimcheka dada, wakasema ameacha sayansi amekwenda kupiga ngoma. Yeye aliendelea na mazoezi ya kila mwezi, hadi watoto wakaufanya mlio ule mchezo, na kukimbia mvua kukaacha kuwa aibu.

Mwaka 1999 alifunga ndoa na mwalimu huyo wa muziki. Siku ya harusi alikagua kwanza nguzo za ukumbi, shela kichwani, ndipo akakubali kuketi. Walijaliwa binti na mwana.

Mchana wa tarehe 3 Mei 2004 vipimo vilipanda ghafla. Mtaalamu wa lugha alikuwa naye ofisini, na ndiye aliyetusimulia. Dada aliweka kidole kwenye kitufe cha king'ora.

"Nikikosea leo, hawatatoka tena," alisema.

"Na ukinyamaza?"

Akabonyeza. Walisimama dirishani. Mtaa ulikuwa kimya, nguo kwenye kamba, hakuna mlango uliofunguka. Dada alianza kutaja majina ya wale kumi na mmoja kwa sauti ya chini. Kisha mlango mmoja ukafunguka, mwanaume akatoka mbio na kuugonga wa jirani, na jirani akagonga wa tatu. Wazee walibebwa mgongoni. Mlima ulishuka pale watu wa mwisho walipokuwa ndiyo kwanza wamevuka barabara. Nyumba zilikwenda, mtu hakufa hata mmoja. Dada hakushangilia. Alirudi kutazama vipimo.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kushindwa. Aliogopa, na hakuficha. Usiku hakutaka taa izimwe. Nilipojaribu kumtuliza hospitalini, alinishika mkono na kusema, "Mdogo wangu, usiniambie nisiogope. Kaa hapa tu." Nilikaa, nami nikiogopa vilevile, hadi alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2023, mkono wake ulipolegea ndani ya wangu.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja, sisi wadogo zake, mtaalamu wa lugha tuliyemzoea kama kaka, na wanafunzi ambao hata sasa, tukiwa hapa, wamebaki wakiutazama mlima.

Mungu ampokee dada yetu, ampumzishe mahali pasipo hofu.