Amplifaya Mbili, Seti Moja ya Valvu

Asubuhi hiyo benchi la nje ya kibanda cha Evodi, hapa Nsemulwa, lilikuwa limekaliwa na amplifaya mbili za zamani za gitaa la besi, moja nyeusi na moja ya kijivu. Sisi tulijibana palipobaki. Zote zinatumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa, lakini valvu nzima zilikuwa seti moja tu. Ukijaribu hii, ile inakaa tupu. Malale, mpiga besi aliyetakiwa kuchagua moja, hakutulia. Gari la bendi yake lilikuwa linaondoka kwenda harusini Inyonga. Harusi iliyopita amplifaya yake ilinguruma mpaka mama wa bibi harusi akaomba izimwe, na wenzake wamemwambia ikirudia tena, besi itapigwa na kinanda.

— Chukua nyeusi, alisema Evodi, fundi wetu, ambaye tunamwita Daktari. Nimeibadilishia kapasita zote, vile vikopo vya kutunza umeme.

— Umeweka za runinga iliyokufa, akasema Masunga, mwenzetu wa benchi tunayemwita Antena.

— Runinga ilikufa kioo. Kapasita zilikuwa na afya zake.

Malale akapiga kidogo kwenye nyeusi.

— Umesikia huo uzito? Daktari akauliza.

— Uzito ni wa sanduku, akajibu Antena. Hilo ni mninga.

— Sanduku halina kazi, kazi ni ya transfoma. Hii nitaitia nta ya nyuki wa Inyonga, inyamaze.

— Ikifika kwao si ndiyo itachangamka?

Monika, muuza kahawa wa kijiwe chetu, alikuwa anamimina kahawa.

— Nyie, hivyo vichupa vimepiga rumba miaka yote. Mkivipigia singeli vinanuna.

— Kweli, shemeji, akasema Antena bila utani. Joto linatunza nyimbo.

— Jamani, gari, akasema Malale.

Daktari akazima.

— Usiingize mkono. Imezimwa, lakini umeme bado umo.

Akangoja, akazichomoa valvu kwa kitambaa cha birika la Monika, akazitia kwenye ya kijivu. Malale akapiga tena. Antena akasema hii ndiyo yenyewe. Daktari akasema Antena ana masikio ya kuku. Wakaendelea hivyo mpaka Regina, mwimbaji wa bendi, akaja mbio kutoka garini.

— Ipi haingurumi?

— Nyeusi.

— Kijivu.

— Malale alipokuwa anapiga, akauliza Regina, nani alikuwa amenyamaza?

Monika akaweka birika chini.

Ya kijivu ilikuwa bado inawaka. Malale akalaza kiganja juu ya nyuzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kijiwe kikawa kimya. Tukaisikia: ngurumo nyembamba, kama nyuki ndani ya mzinga. Hakuna aliyeitetea, hata Antena.

Honi ikalia.

— Fundi, akasema Malale, rudisha valvu kwenye nyeusi.

Daktari akazima, akangoja, akazirudisha, safari hii polepole, kisha akanyoosha mkono kwenye swichi ya nyeusi. Malale akamzuia, akaiinua amplifaya kifuani.

— Lakini hiyo hatujaisikiliza tukiwa kimya, Daktari akamwambia.

— Ndiyo maana naichukua.