Nani Alifungua Mlango wa Meli

Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa, kimewekwa kwenye baraza ya duka langu la ushonaji hapa Garsen, na mimi sikukileta. Nilikikuta asubuhi moja kimeshafika na kimeshakaliwa. Bishara akaja na jiko lake la kahawa, Jilo akaja na ndizi zake kutoka kijiji cha Wema, Kadenge akaja na mdomo wake, na tangu hapo sijashona kanzu bila kusikia habari za angani. Kadenge, tunayemwita Remoti, ndiye mwenye kibanda cha video hapo nyuma. Mwaka mzima alikuwa akituonyesha filamu moja ndefu yenye sehemu saba, jina lake Ng'ambo ya Mwezi. Watu elfu kumi wamo ndani ya meli inayokata nyota, dunia yao imeungua, na nyuma yao anawafukuza mfalme Dhoroki, mtu mbaya asiyevua barakoa hata akila. Sehemu ya saba imekwisha, wenyewe walioitengeneza wamesema hakuna nyingine, na maswali wametuachia sisi.

Kwa kawaida mimi huziba masikio. Siku hiyo niliyatega, kwa sababu nilikuwa na kazi mkononi. Guyo, kijana wetu wa bodaboda, alikuwa amepata binti, na kesho yake ilikuwa siku ya akika. Alitaka mtoto aitwe Nelora, jina la mwanamke rubani wa ile meli. Mkewe Muna alikuwa ameniletea shuka ya mtoto niitarizi jina hilo kwa uzi wa manjano, na nilikuwa nimeshamaliza N, E na L. Ndipo mama yake Guyo, Mama Qabale, alipofika kutoka malishoni akasema mjukuu wake habebi jina la mwanamke aliyeuza watu wake. Mtoto ataitwa Gumato, kama marehemu mama yake mwenyewe. Kama Guyo ana ushahidi kwamba huyo Nelora ni mtu mwema, aulete kabla ya alasiri.

Guyo alikuja mbio, akaiacha pikipiki imeegemea mlango wangu bila hata kuniuliza.

Guyo: Nani alimwambia mamangu Nelora ni msaliti?

Sote tukamtazama Jilo. Jilo akaanza kumenya ndizi, na Jilo huwa hali ndizi za biashara.

Jilo: Mimi nilipeleka ndizi za sherehe tu. Mama akaniuliza, huyu Nelora ni nani? Sasa nimdanganye mtu mzima? Nikamwambia ndiye alifungulia maadui mlango.

Guyo: Wewe ulimwona akifungua?

Jilo: Hakuna mtu alimwona. Kwani msaliti huita watu waje waone?

Kwa asiyeijua filamu, jambo lenyewe ni hili. Katika sehemu ya nne, watu wakiwa wamelala, mlango mkubwa wa meli unafunguliwa kutoka ndani, na askari wa Dhoroki wanaingia. Mara ya mwisho tunamwona Nelora anakimbia kuelekea mlangoni. Basi. Sehemu ya tano inaanza miaka mitatu baadaye, watu wamenenepa, na Nelora hayupo. Kwa hiyo benchi likageuka mahakama, na Jilo akajipa kazi ya kushtaki. Sisi humwita Wakili, kwa sababu aliwahi kujitetea mwenyewe kwenye kesi ya mpaka wa shamba akashindwa vibaya sana.

Jilo: Ufunguo alikuwa nao nani?

Guyo: Yeye. Ni rubani.

Jilo: Alikuwa anakimbilia wapi?

Guyo: Mlangoni. Lakini alikuwa anaenda kufunga!

Jilo: Mtu anaenda kufunga mlango huku anatabasamu?

Guyo: Hiyo si tabasamu, buda. Hiyo ni kukaza meno. Hata mimi nikipita kwa matope ya barabara ya Tarasaa na abiria nyuma nakaza meno hivyo hivyo.

Bishara: Ngojeni. Mimi nauliza kitu kimoja. Watu elfu kumi, mlango mmoja tu. Nani alijenga hiyo meli?

Kadenge: Serikali.

Tukatikisa vichwa. Swali hilo likafungwa.

Bishara: Na maji je? Wanaoga, wanapika, miaka yote hiyo sijaona hata mtungi.

Kadenge: Wanachuja mkojo. Ilisemwa sehemu ya pili, ulikuwa nje unakoroga sukari.

Bishara: Astaghfirullah. Na chai yao?

Kadenge: Na chai yao.

Jilo: Ndiyo maana hawacheki hao watu.

Guyo: Jamani, alasiri inakuja! Nisaidieni, ama mtoto ataitwa Gumato.

Gumato ni jina zuri, na nilitaka kumwambia hivyo, lakini nikazitazama zile herufi tatu za manjano na kazi ya kufumua nikanyamaza. Kadenge akavuta kiti. Huyu bwana akivuta kiti ujue hakuna ukweli utakaobaki umesimama.

Kadenge: Nitakusaidia. Nelora alikuwa na kovu juu ya jicho, sivyo? Sehemu ya pili kovu liko kushoto. Sehemu ya nne liko kulia. Mimi nimeirudia mara nyingi, remoti ni yangu.

Jilo: Kwa hiyo?

Kadenge: Kwa hiyo ni pacha. Mmoja mzuri, mmoja mbaya. Aliyefungua ni wa kovu la kulia.

Guyo: Eeeh! Basi mtoto wangu anaitwa yule wa kushoto!

Jilo: Na wa kulia anaitwa nani?

Kadenge: Nelora.

Jilo: Mama gani anazaa pacha anawapa jina moja?

Kadenge: Watu wa angani, Wakili. Dunia imeungua, majina pia yamepungua.

Bishara aliweka kikombe chini. Alikuwa amesubiri zamu yake, na alikuwa na sura ya mtu aliyeificha hii habari muda mrefu.

Bishara: Nyote hamjaona. Nelora anakunywa chai kwa mkono gani?

Kadenge: Wa kushoto.

Bishara: Na Dhoroki?

Kadenge akafikiri. Kisha akaushika mdomo.

Kadenge: Wa kushoto.

Bishara: Mmeshawaona wawili hao mahali pamoja? Hata siku moja? Na kwa nini havui barakoa?

Jilo: Sasa na barakoa anakunywaje chai?

Kadenge: Ana mrija. Lakini Bishara, wallahi umeniua.

Guyo: Mnataka binti yangu awe Dhoroki?

Bishara: Angalau ni mfalme. Wewe ni nani?

Hapo mambo yakaharibika kabisa. Jilo, aliyekuja kumshtaki Nelora, akasema hapana, Dhoroki hayupo, ametungwa na nahodha wa meli ili watu wasiulize wanaenda wapi, na nahodha mwenyewe ndiye aliyefungua mlango ili apate kumwoa daktari wa meli. Kadenge akasema hata nahodha hayupo, sehemu zote saba ni ndoto ya kile kiroboti kidogo kinachofagia.

Jilo: Roboti inaota?

Kadenge: Wewe unajua inafanya nini ikizimwa?

Nikajikuta nimeacha cherehani. Nikasema kwa upole kwamba huenda hakuna aliyeufungua, mlango ni wa zamani, huenda komeo lililegea na upepo ukausukuma. Walinicheka mpaka Bishara akamwaga kahawa. Upepo! Angani! Watu waliotoka kuamini ndoto za ufagio wakanicheka mimi. Nilikasirika, na mpaka leo sioni kosa langu.

Guyo hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia yake ya pikipiki mapajani.

Guyo: Nyinyi mnacheza. Mnakumbuka mafuriko? Barabara imekatika huku na huku, Muna ana mimba, hatuwezi kwenda kwao, hatuwezi kwenda kwetu. Tukawa tunashinda kwa kibanda cha Remoti, maana kulikuwa na watu na taa. Siku Nelora alipopotea, Muna alilia hadi tukatoka nje. Akaniambia, Guyo, tukipata msichana tumwite hilo jina, lisipotee na yeye. Nikamwambia sawa. Sasa nirudi nimwambie nini? Ati Wakili ameshinda kesi?

Jilo akaacha kutafuna.

Ndipo tukamwona Mama Qabale anavuka barabara, fimbo mkono mmoja, kibuyu cha maziwa mkono wa pili, magari yakimngoja. Tukasimama sote. Jilo akaficha maganda nyuma ya mgongo.

Sisi: Shikamoo, mama.

Qabale: Marahaba. Kaeni.

Akakaa kwenye kiti cha basi, akakipapasa, akatazama mbele na nyuma.

Qabale: Hii basi inaenda wapi?

Kadenge: Haiendi, mama.

Qabale: Naona. Haya, nimekuja mwenyewe, maana nikingoja huyu kijana mtoto ataota meno hana jina. Mmoja aniambie hiyo hadithi. Mmoja tu.

Kadenge akamsimulia, na nitamsifu, alisimulia vizuri, bila pacha na bila ndoto. Dunia iliyoungua, meli, usingizi, mlango, Nelora anakimbia. Mama Qabale alisikiliza ameegemeza kidevu juu ya fimbo.

Qabale: Halafu?

Kadenge: Halafu haonekani tena, mama.

Qabale: Nimesikia. Nani alienda kumtafuta?

Kadenge akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kadenge: Nahodha… Hapana. Nahodha alikuwa anaoa.

Qabale: Hana ndugu?

Guyo: Ana kaka. Lakini kaka alihamia chumba chake.

Qabale: Mama? Shangazi? Rafiki?

Bishara: Rafiki yake alivaa nguo zake sehemu ya sita. Mimi niliona ile skafu.

Kadenge: Kuna kiroboti, mama. Kile cha kufagia. Kilienda mlangoni, kikasimama pale, kikalia kidogo. Kisha mtu akakizima.

Niliiona picha ile upya, kile kidude kimesimama mbele ya mlango uliofungwa, na nikaona uchungu wa kweli. Mwaka mzima nilikuwa nimeisikia filamu hiyo ikijadiliwa barazani kwangu, na swali hilo halikuwahi kutajwa.

Qabale: Watu elfu kumi. Na aliyeenda ni ufagio.

Jilo: Mama, labda hawakwenda kwa sababu ni msaliti.

Qabale: Jilo, ile ng'ombe yangu nyekundu, mwaka jana. Iliingia wapi?

Jilo: Shamba langu.

Qabale: Ikala?

Jilo: Ikala mahindi yote ya ukingo wa mto, mama. Yote.

Qabale: Halafu jioni ikapotea kwa vichaka vya miiba ya mathenge. Wewe ulifanya nini?

Jilo akayatazama yale maganda mkononi mwake.

Jilo: Nilichukua tochi.

Qabale: Ukanishtaki kwanza?

Jilo: Hapana. Tuliitafuta kwanza. Kesi ilikuja baadaye.

Kisha, kwa sauti ya chini sana:

Jilo: Na ile nilishinda.

Qabale: Ulishinda, nikakulipa mbuzi, na maziwa tukanywa pamoja. Sasa hawa watu wa angani, wana taa, wana meli, mtu wao anapotea na wanaendelea kula. Na nyinyi hapa mwaka mzima mnauliza alifungua, hakufungua. Guyo.

Guyo: Naam, mama.

Qabale: Mtoto aitwe hivyo. Gumato liwe jina la pili, mamangu hakuwa mtu wa kugombania mbele.

Guyo: Mama, na kama kweli alifungua ule mlango?

Qabale: Hilo sijui. Najua huyu wa kwetu akipotea tutamtafuta.

Guyo akageuka akajifanya anaangalia tairi. Tairi lilikuwa zima. Mama Qabale akainuka, akaninyooshea fimbo kupitia dirisha.

Qabale: Fundi, andika. Na hizo herufi nyingine ziwe kubwa, hizi zako tatu ni ndogo.

Akapanda pikipiki nyuma ya mwanawe, upande upande, kibuyu kifuani, wakaondoka kwenda kumkamata kondoo wa kesho. Nikashika sindano nikaanza O. Bishara akainua birika akalitikisa, lilikuwa tupu.

Jilo: Mimi ningeenda.

Bishara: Wapi?

Jilo: Kumtafuta.

Kadenge: Wewe? Wewe ndiye uliyemwita msaliti mpaka kijiji kizima kikasikia!

Jilo akainua tochi ya simu yake, akaiwasha mchana ule mweupe kuona kama ina chaji.

Jilo: Kwanza apatikane, Remoti. Habari ya mlango tutamuuliza akishakunywa chai.